Vibandiko vya homoni viko wapi jamani?

Nafanya kazi kemisti hapa Kondele, Kisumu, na kuna kitu kimenichosha kabisa. Leo asubuhi mama mmoja ameingia, amefungia kwenye leso boksi tupu la vibandiko vya estrojeni (vile vya kubandika kwenye ngozi, vya kurudisha homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma), jasho linamtoka na ni saa mbili tu, jua hata halijawaka, anajipepea na karatasi ya daktari akiniambia mwanangu, usiku nabadilisha shuka mara mbili. Nikapiga simu kila mahali, mjini, Milimani, nikauliza hadi Eldoret, wote hawana. Sapulaya naye jibu ni lile lile, ati hiyo haitoki, hakuna mtu ananunua. Watanunua aje na hamleti?? Yaani wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na Kisumu hii yote mnataka kuniambia hakuna anayehitaji?

Na kinachoniuma zaidi, siku estrojeni ikipatikana projesteroni, ile homoni ya pili ya kulinda kizazi, inakosekana, na mwenye bado ana kizazi hafai kutumia estrojeni pekee, ukuta wa ndani wa kizazi unanenepa na hiyo inaweza kuleta kansa. Sasa nimpe nusu ya dawa? Sitampa. Mwingine anaambiwa ameze tu tembe za kupanga uzazi, na mama ana presha, na tembe hizo zinaweza kuipandisha, wueh!

Nimemwagizia zote mbili Nairobi, zinakuja na basi ya usiku, na parseli analipia mwenyewe. Nimemwambia Mama, kesho saa tatu kuja, utapata nimekuwekea kando.