Nambari tano anafungisha, lakini hatoki

Tangu Jumamosi jioni simu yangu haijapoa. Kundi la timu, ambalo siku zote ni la kuchangishana nauli na kutangaziana maziko, limegeuka mahakama. Mshtakiwa ni mmoja tu, beki wetu wa kati, nambari tano. Jina silitaji, kwanza kwa sababu hapa Malindi kuanzia Shela hadi Maweni hakuna asiyemjua, na pili kwa sababu mamake husoma ninayoyaandika. Kosa lake mnalijua. Dakika za lala salama pale uwanja wa Alaskan, sare, mpira mrefu ukarushwa nyuma yake. Badala ya kuubutua uende zake baharini, akataka kuutuliza kifuani kama yuko mazoezini. Ukamponyoka. Akamshika jezi yule kijana wao, refa akaelekeza kidole penye tuta, kadi nyekundu, bao, kwaheri kombe.

Hukumu imeshatoka: auzwe. Auzwe kwa nani, jamani? Timu yetu haijawahi kuuza hata jezi kuukuu. Mwingine kaandika kwamba huyu ni "mpiga watu, si mpiga mpira", na vidole gumba vikamiminika. Mwandishi wa maneno hayo namjua. Katika robo fainali alisimama juu ya kiti cha bodaboda, shati mkononi, akipiga mayowe "Mvunje! Mvunje!" kila nambari tano alipomwendea mtu. Leo amekuwa mpenzi wa kandanda safi. Mashallah.

Nianze na mliyoyasema kweli, tuyamalize. Kosa lilikuwa lake, ndiyo. Si la kwanza, ndiyo pia. Ana ugonjwa wa kudhani kila mpira ni wake. Na zile kadi za manjano anazozizoa kwa kumjibu refa ni upuuzi mtupu, sina la kumtetea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu tumemsifu mno. Haya, nimekubali. Basi.

Sasa niwaulize: mechi mnaitazamia wapi? Wengi wenu mnajipanga pembeni, kwenye kivuli, karibu na muuza viazi karai. Ukiwa pale macho yako yatafuata mpira tu. Mimi husimama nyuma ya goli, juani, kwa sababu pale unawaona watu. Katika hiyo robo fainali, mshambulizi wao alikuja na sifa zake, jibaba la miraba minne, lenye shingo pana kuliko kichwa. Kona ya kwanza waliruka pamoja. Nambari tano hakumpiga kiwiko wala hakumsukuma. Alitangulia kuruka, akatanguliza bega mbele ya kifua cha mwenzake, na waliposhuka yule jamaa alikaa kitako akitema mchanga, mkono ubavuni. Refa alitazama, akaashiria mchezo uendelee.

Kuanzia hapo nikaacha kumtazama nambari tano, nikawa namtazama yule jibaba. Kila mpira ulipopanda hewani, kabla ya kuutafuta mpira alikuwa anageuza shingo kumtafuta nambari tano yuko wapi. Akishamwona, mpira umeshamwacha. Krosi moja nzuri sana ilimpita puani na hakuinua hata mguu. Kabla ya mapumziko alishahamia winga ya kulia, mtu wa uzito ule, akikimbizana na beki wetu wa kushoto mwenye miguu ya swala. Kocha wao akimpigia kelele arudi kati, anainua mkono kama hasikii. Tukashinda bao moja kwa bila. Kwenye kundi mkamsifu aliyefunga.

Nilibishana juu ya hilo barazani, penye kahawa. Ami mmoja akanikata kauli: "Mwanangu, mpira ni magoli." Nikamwambia, "Ami, na yale yasiyoingia?" Akanywa kahawa yake, akasema, "Hayo nani atayaandika?" Ndiyo shida yote hiyo. Mshambulizi akikosa mara tano akafunga moja, anabebwa mabegani. Beki akizima hatari tano akateleza moja, anaambiwa auzwe.

Na nyinyi wa Man United, ambao ndio mnaopiga kelele kuliko wote humu, mmemsahau beki wenu Vidić mara hii? Machi 14, 2009, Old Trafford, Liverpool wamekuja. Mpira mrefu kutoka nyuma, Vidić anauacha udunde, Torres anampokonya na kusawazisha. Baadaye anamwangusha Gerrard, kadi nyekundu, na adhabu hiyo hiyo Fabio Aurélio anaitia wavuni. Nne kwa moja, nyumbani, mbele ya adui. Wangekuwa ni nyinyi mngemuuza usiku ule ule kwa bei ya dagaa. Lakini ni beki huyo huyo aliyekuwa katikati ya ukuta uliocheza mechi 14 mfululizo za ligi bila kufungwa msimu ule. United walitwaa ubingwa kwa pointi 90, wakiwaacha Liverpool nyuma kwa pointi nne, na mchezaji bora wa msimu wa Ligi Kuu ya England akatangazwa Vidić. Waliompa tuzo hawakuwa vipofu wa ile mechi ya Machi. Waliutazama msimu mzima.

Mtasema Vidić alikuwa Vidić. Sawa. Lakini pembeni yake alikuwa nani? Rio Ferdinand, mtu aliyecheza kana kwamba hajawahi kuchafua kaptura, anayesoma mpira kabla haujapigwa. Vidić aliweza kwenda kugongana na watu kwa sababu alijua akikosa, Ferdinand yupo nyuma ya bega lake. Hapo ndipo ninapotaka tufike. Beki wa nguvu hapimwi peke yake, hupimwa pamoja na waliomzunguka.

Ushahidi ninao, na ni wa mtu mmoja, mashabiki wa Arsenal mtanisamehe kwa kuwatonesha kidonda. Beki Mbrazili, David Luiz. Mwaka 2016 alirudi Chelsea, na watu walicheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesahau yale mabao saba ya Ujerumani dhidi ya Brazil katika Kombe la Dunia mwaka 2014, siku aliyovaa utepe wa unahodha. Septemba hiyo Chelsea wakapigwa tatu bila na Arsenal wakiwa na mabeki wanne. Kocha wao, Conte, akabadilisha. Mabeki watatu nyuma, Luiz katikati, Azpilicueta kulia, Cahill kushoto, na mbele yao kiungo Kanté akizoa kila kilichopita. Chelsea wakashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kuchukua ubingwa kwa pointi 93. Mtu yule yule, nywele zile zile, na mizaha yake ile ile ya kupiga pasi za mita 50 asizoombwa. Kilichobadilika ni kwamba akitoka kwenda kumkaba mtu, nafasi anayoiacha ina mwenyewe.

Sasa mtazame alipohamia Arsenal. Msimu wa 2019/20 alisababisha penalti tano za ligi, rekodi ambayo hakuna aliyekuwa akiitamani. Juni 17, 2020, mechi yao ya kwanza baada ya mpira kusimama kwa ajili ya korona, Etihad kwa Manchester City, uwanja mtupu. Pablo Marí anaumia, Luiz anaingia dakika ya 24. Kabla ya mapumziko mpira unamgonga paja na kumwangukia Sterling, bao. Baada ya mapumziko anamvuta Mahrez, penalti, nyekundu. Mechi ikaisha tatu bila. Sijui kama kuna mchezaji wa akiba aliyewahi kuvuruga jioni ya watu kwa haraka namna ile. Nakumbuka tuliokuwa tukitazama pamoja tulinyamaza, kisha mmoja wetu akaanza kucheka, na hakuweza kuacha.

Mwezi mmoja tu baadaye, Julai 18, nusu fainali ya Kombe la FA, Wembley, City wale wale. Arteta, kocha wa Arsenal, kapanga watatu nyuma, Luiz katikati, Tierney kushoto kwake, Mustafi kulia. Luiz alicheza kama mtu anayelipa deni. Kila krosi kichwa chake, kila shuti mguu wake. Arsenal mbili, City bila, zote za Aubameyang. Agosti 1 wakaipiga Chelsea mbili kwa moja na kulibeba kombe, Luiz akiwa pale pale katikati ya watatu. Naomba mnieleze: kati ya Juni na Agosti aliota ubongo mpya? Au alipewa watu?

Turudi Alaskan. Wakati ule mpira mrefu unarushwa, beki mwenzake, nambari nne, alikuwa wapi? Mimi niliyekuwa nyuma ya goli nitawaambia: alikuwa kwenye eneo la hatari la wapinzani, amepanda kwa ajili ya kona iliyokwisha kuokolewa, akirudi mdogo mdogo, mikono kiunoni. Beki wa kulia alikuwa kapanda. Wa kushoto, yule swala, kapanda. Kiungo mkabaji wetu tulimtoa mapema kipindi cha pili ili aingie mshambulizi wa tatu, maana kocha alisikia mnavyoimba "Shambulia! Shambulia!" Nambari tano alibaki peke yake na nusu uwanja, dhidi ya wawili. Kipa naye kaganda kwenye mstari kama kafungwa kamba. Mtu umemwachia jahazi zima peke yake, tanga na usukani, halafu likipanda mwamba unauliza kwa nini hakuwa makini.

Angeubutua? Angeubutua, ndiyo, nimeshasema. Lakini mtu anayejua kwamba nyuma yake hakuna mtu hufanya mambo mawili: huogopa akaubutua kila kitu, au hujaribu kufanya kila kitu mwenyewe. Wetu ni wa pili. Ile tabia ya kutoka mstari na kumwendea mtu kabla hajageuka, ambayo ndiyo ilimfukuza yule jibaba hadi winga, ndiyo hiyo hiyo iliyomfanya aamini anaweza kuutuliza ule mpira kifuani. Mkimwondolea moja mnamwondolea na la pili. Mtabaki na beki mpole asiyefungisha na asiyemtisha mtu, tunao tele, nusu yao wanachezea timu za veterani.

Kuna kitu kimoja angeweza kufundishwa, na hakuna aliyejishughulisha. Sheria ilibadilika 2016. Beki akimnyima mtu nafasi ya wazi ya kufunga ndani ya eneo la hatari, penalti hupigwa, lakini kama alikuwa anajaribu kuucheza mpira, kadi ni ya manjano. Akishika jezi, nyekundu iko pale pale. Luiz alilijua hilo kwa machungu pale Etihad. Nambari tano angepeleka mguu kwenye mpira, hata akachelewa, tungefungwa labda, lakini angebaki uwanjani. Nani alimwambia? Mazoezi yetu ni kuzunguka uwanja mara kadhaa, kisha kugawana vizibao na kucheza hadi magharibi.

Kwa wale watakaosema mifano yangu yote ni ya Wazungu na Wabrazili: Joash Onyango, wa kwetu, alitoka Gor Mahia akaenda Simba 2020, beki wa mabega kama huyu wetu. Novemba ile, mechi na Yanga, Simba wako nyuma kwa bao la penalti na saa inayoyoma. Aliyepanda hewani akasawazisha kwa kichwa ni yeye. Watu wa aina hii wana faida pande zote mbili za uwanja, na mtu asinifungulie mjadala wa yule beki Mhispania, Sergio Ramos, na kadi zake nyekundu, tutakesha.

Nimesikia mpango wa mechi ijayo. Nambari tano anatumikia kadi yake, hilo halina ubishi, lakini eti hata akirudi atakaa benchi ili acheze yule kijana mrefu wa Muyeye. Kijana mzuri, ana adabu, anasalimia wazee wote kabla ya mechi. Mpira wa juu ukija hufumba macho. Nimemwona kwa macho yangu, nyuma ya goli, anafumba. Na mechi itakayofuata tunakutana na wale wa Watamu, ambao mshambulizi wao hucheza kwa viwiko na hucheka akionywa. Mpelekeni kijana wa watu pale kati peke yake, kisha mje kwenye kundi mtafute wa kumuuza tena.

Kocha, najua unasoma, umeshaweka alama mbili za buluu kwenye kila ujumbe tangu Jumamosi bila kujibu neno. Panga watatu nyuma. Nambari nne abaki nyumbani kona zikipigwa. Kiungo mkabaji asitoke hata tukiimba mpaka tukauka koo. Yule mrefu mpange kulia kwa nambari tano, ajifunze kufumbua macho akiwa na mtu wa kumkinga. Na kipa mwambie mstari wa goli hautahama, anaweza kuuacha kidogo.