Ustaarabu: tunasifiana kwa jina la nani?

Raha inazaa starehe, haki inazaa stahiki, ajabu inazaa staajabu. Kanuni ya Kiarabu hiyo, unachukua mzizi unaubandikia "sta" mbele. Haya, chukua Arabu uone unapata nini. Kwa hiyo kwa asili yake kustaarabika ni kuwa kama Mwarabu, kushika lugha yake na mila zake, na hapo sidhani kuna wa kubisha, maana hata wale Wakristo wa Andalusia, Hispania ya leo, walioishi chini ya utawala wa Kiislamu mpaka wakawa wanaongea Kiarabu na kufuata mambo ya Kiarabu waliitwa Mozarabe, na jina limetoka hukohuko kwenye mustaarib, yaani aliyejifanya Mwarabu.

Ubishi ni je, leo neno bado linabeba hayo? Kuna watu wanasema ndiyo, kila ukimsifu mtu kwamba ni mstaarabu unakubali kimyakimya kuwa asingekuja Mwarabu huyo angekuwa mshenzi tu, kwa hiyo tuliache. Na kuna wanaosema jamani tupumzisheni, maneno huhama, mwenye asili yake keshasahaulika.

Hawa wa pili nisiwapunje, hoja wanayo. Mtu akisema "tuongee kistaarabu" anamaanisha tusitukanane, basi, Oman wala Yemen hazipo kichwani mwake. Tena Waarabu wenyewe hawalitumii hivyo! Wao ustaarabu wanauita hadhara, mzizi mmoja na "hadharani" yetu, na mustaarib kwao siku hizi ni msomi aliyebobea kwenye lugha na mambo ya Waarabu. Hii maana ya adabu na maendeleo imetengenezwa huku pwani, na sisi.

Na hapo ndipo wale wa kwanza wanaposomwa vibaya. Wakifungua mdomo tu wanaambiwa wana chuki na Waarabu, au wanataka kufuta nusu ya Kiswahili, wakati wengi wao hawana shida na maneno ya Kiarabu kama kitabu, sahani na salamu. Shida yao ni hili neno moja na saa lililoingia. Maana pwani ilikuwa na neno lake, uungwana. Muungwana alikuwa mtu wa mji, mwenye adabu, mwenye kwao, anayejua kukaa na watu. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya mwaka 1107, msafiri Ibn Battuta kafika Kilwa mwaka 1331 akausifia kuwa ni katika miji mizuri kabisa. Mambo yalikuwepo, na Uislamu ulikuwepo, na biashara na Waarabu na Waajemi ilikuwepo miaka na miaka, na bado sifa ya mtu ilikuwa uungwana. Ustaarabu unakuja kuushinda uungwana karne ya 19, baada ya Seyyid Said, sultani wa Oman, kuhamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat, karafuu na watumwa ndiyo pesa, na aliye juu ni Mwarabu wa Oman. Sasa jiulize kwa nini sifa ya mtu ilibadilika jina wakati huohuo alipobadilika anayetawala. Mimi naona sadfa haifiki huko.

Nadhani kuna kitu kingine pia. Kwenye misafara ya bara, wapagazi waliotoka pwani, wengine watumwa kabisa, walikuwa wakijiita waungwana mbele ya watu wa huko. Sifa ikishavaliwa na kila mtu, wakubwa hutafuta nyingine ya kujitenga nayo. Na haikuishia karne hiyo, Zanzibar ile ya kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 nani mstaarabu na nani mshenzi yalikuwa maneno ya siasa, si ya adabu za mezani.

Ila tusiufanye uungwana malaika. Muungwana alikuwa pia kinyume cha mtumwa, mtu aliyezaliwa huru, na familia za waungwana kule Lamu zilijua sana kumkumbusha mtu kwamba yeye si mmoja wao. Anayesema turudi kwenye uungwana tuwe wasafi, historia hajaisoma yote.

Kinachonikera mimi zaidi ni ile "ustaarabu wa Misri ya kale". Piramidi ya Khufu ina miaka kama 4,500, majeshi ya Waarabu chini ya Amr ibn al-As yameingia Misri mwaka 639 baada ya Kristo, yaani piramidi lilikuwa limeshasimama zaidi ya miaka elfu tatu, halafu sisi tunawaambia watoto waliolijenga walikuwa wamestaarabika! Mtetezi wa neno atacheka aseme unaona, ndiyo ushahidi kwamba Uarabu ulishatoka humo. Sawa, kwa msemaji umetoka. Ila lile wazo la kwamba watu hupanda ngazi kwa kufanana na mtu fulani wa ng'ambo limebaki, ndiyo maana mtu anasema bila kusita "Mzungu mstaarabu" na "kijijini hawajastaarabika bado", na hapo hazungumzii kutukanana tena, anazungumzia nguo, nyumba na lugha.

Kulifuta haiwezekani na sioni wa kulifuta. Kwenye Misri nitaendelea kuliandika kwa kukosa jingine, utamaduni halitoshi na maendeleo yananuka mradi wa serikali. Ila nikiandika juu ya Lamu na Pate za zamani naandika uungwana, na mhariri akilibadilisha nalirudisha.