Hodari, lakini mbunge wa nani?

Kila linapoibuka suala la wabunge wa kuteuliwa, iwe Dodoma au Nairobi, utetezi huwa ule ule: uteuzi huingiza bungeni vichwa ambavyo sanduku la kura lingeviacha nje. Hoja hii ni kongwe. Uingereza waliiishi kwa karne nzima na zaidi katika miji midogo kama Calne, mkoani Wiltshire, na yaliyotokea huko yananifanya niikatae.

Calne ulikuwa mji wa wafuma sufu, na ulipeleka wabunge wawili London. Waliopiga kura walikuwa wazee wa mji wapatao ishirini hivi, waliochaguana wenyewe kwa wenyewe. Nje kidogo ya mji lilikuwepo jumba la Bowood, la ukoo wa Lansdowne. Bwana wa Bowood akitaja jina, wazee wanaitikia.

Na majina aliyotaja hayakuwa ya ovyo hata kidogo. John Dunning, mbunge wa Calne, ndiye aliyesimama Aprili 1780 na azimio kwamba nguvu za mfalme zimeongezeka, zinaongezeka na zinafaa kupunguzwa, na Bunge likalipitisha. Mwaka 1830 Lord Lansdowne alivutiwa na makala za kijana wa miaka 29, Thomas Macaulay, akampa kiti na kumwachia apige kura kwa dhamiri yake. Tarehe 2 Machi 1831 kijana huyo akautetea kwa nguvu zote muswada wa kufuta au kupunguza viti vya namna ile ile aliyokalia. Wiki tatu baadaye muswada ulivuka hatua ya kusomwa mara ya pili kwa kura 302 dhidi ya 301. Kura moja tu! Mtu akiniambia kwamba Calne ilisaidia kuleta mageuzi, sina ubishi naye.

Ila mtazame Macaulay huyo huyo mwishoni mwa 1832, sheria imeshapita, anagombea Leeds, mji mkubwa wa viwanda ambao hadi hapo haukuwa na mbunge wake. Katika mkutano wa kampeni mtu mmoja akataka wagombea waseme dini yao. Macaulay alikasirika, akamtaka muulizaji asimame aonekane, kisha akajibu kwa ufupi kwamba yeye ni Mkristo. Binafsi naona swali lile halikustahili kuulizwa. Lakini liliulizwa, na mtu aliyekuwa akiombwa kura hakuwa na pa kukimbilia. Watu wa Leeds walimtaka pia atoe ahadi za jinsi atakavyopiga kura bungeni. Akagoma, na bado wakamchagua, huku wakijua wanamchagua mtu wa aina gani. Kule Calne, Macaulay hakuwahi kukabiliwa na umati wa namna hiyo. Aliyehitaji kuridhika alikuwa mmoja.

Na huyo mmoja hachagui Macaulay kila siku. Calne ilibakiwa na kiti kimoja na wapiga kura mia na ushei, na kivuli cha Bowood hakikuondoka. Mwaka 1859 kiti kilimwendea Robert Lowe, msomi mwenye akili kali, aliyetoka Kidderminster. Huko, katika uchaguzi wa 1857, umati ulimpiga mawe hadi ukamjeruhi vibaya kichwani. Ule ulikuwa ukatili na hauna utetezi. Calne ilimpa utulivu, na tuone aliutumiaje. Mwaka 1866, serikali ilipotaka kuwapa kura mafundi na wafanyakazi zaidi, Lowe aliongoza upinzani ndani ya chama chake mwenyewe. Aliuliza Bunge: ukitafuta rushwa, ujinga na ulevi, unakwenda kuvitafuta juu au chini? Muswada ukakwama na serikali ikaanguka.

Haya aliyasema mbunge wa mji wenye mafundi na vibarua wake, watu aliowatukana wakiwa hawana hata kura ya kumjibia. Kipaji alikuwa nacho, pengine sawa na cha Macaulay. Wanaosifu uteuzi huhesabu vipaji vilivyoingia, wala hawagusi swali la nani mwenye uwezo wa kuvitoa.

Sheria ya kupanua haki ya kura ilipita mwaka uliofuata, Lowe akiipinga hadi mwisho. Uchaguzi wa 1868 hakugombea tena Calne. Alichukua kiti kipya cha Chuo Kikuu cha London, ambako wapiga kura walikuwa wahitimu.