Benzi Iliyogoma Kuzimika

Mjomba hamwazimi mtu Benzi yake. Ni 240D ya mwaka 1981, nyeupe, gia otomatiki, na ukimpa nafasi atakueleza kwamba za umbo hilo, W123, zilitengenezwa karibu milioni 2.7 na kwamba madereva teksi wa Ujerumani walizitesa miaka na miaka zisiseme lolote. Ila hata jogoo wa kijiji ana kidonda chake, na cha Benzi hii kilikuwa swichi ya ufunguo. Unazungusha, kimya. Unazungusha tena huku unauchezesha kidogo kushoto, kimya. Unamtaja Mungu, inawaka.

Sasa binamu yangu alikuwa anaoa Bombo, mji wenye kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala, na Benzi ndiyo ingembeba bibi harusi. Gari la bibi harusi haliwezi kuwashwa kwa dua mbele ya wakwe. Asubuhi ya harusi (kwa nini asubuhi ileile, mwulizeni Mjomba) tukaipeleka kwa fundi mmoja Kisenyi, Kampala.

Fundi alijua umeme, simnyimi haki yake. Alianza kwa kutoa waya hasi wa betri, akafungua ubao wa chini ya usukani, akalala chali miguu ikiwa nje, akaitoa swichi. Nyingine alikuwa nayo tayari, imetoka kwenye Benzi iliyokatwa vipande, umbo moja. Alipoifunga akarudisha betri na kuchukua balbu ya indiketa aliyoiunga waya mbili, mmoja akaubana kwenye bodi ya gari.

"Kijana, tazama."

Akagusa tundu namba 30: balbu ikawaka, ufunguo hata haujaguswa, kwani hapo umeme wa betri hufika moja kwa moja. Namba 15: giza, mpaka ufunguo ulipofika hatua ya pili. Namba 50, ya stata: inawaka ukiusukuma ufunguo hadi mwisho, ukiuachia inazimika. Akaigonga swichi kwa mpini wa bisibisi, akautingisha ufunguo. Balbu haikupepesa. Mjomba akapiga makofi.

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Swichi ya zamani ilikuwa na kidude nyuma yake, na kwenye kidude mipira miwili myembamba ya kahawia. Hii mpya haikuwa na kidude. Mipira ilikuwa inaning'inia.

"Na hii, fundi?"

"Ya hewa hiyo." Akaikunja ncha zake, akazifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akarudisha ubao. Mjomba akazungusha ufunguo, mara moja tu, injini ikaitika. Kwa furaha, na kwa kuwa tulishachelewa, hakuna aliyefikiria kuizima. Malipo yatafuata, tukaondoka.

Bombo tulipokelewa kwa vigelegele. Benzi ikapewa nafasi ya heshima, ubavuni kabisa mwa baraza ambako nikaha ingefungwa, na magari mengine yakajipanga nyuma yake mpaka barabarani. Mjomba akavuta breki ya mkono, akachomoa ufunguo, akautia mfuko wa kanzu, akashuka. Injini ikaendelea. Akarudi, akatia ufunguo, akazungusha, akachomoa. Ta-ta-ta-ta. Akauangalia ule ufunguo kama shahidi aliyebadili maneno mahakamani.

Kwenye baraza sheikh alishaanza. Bwana harusi akasema, "Nimekubali." Sheikh akategesha sikio. "Umesemaje?" "Nimekubali!" "Sauti, mwanangu, mashahidi hawasikii." Binamu yangu akapiga kelele ya kukubali ndoa ambayo bila shaka iliwafikia wanajeshi kambini.

Vijana wa bodaboda hao, wamefika na ushauri. Wa kwanza akasema toeni betri. Ikatolewa. Injini haikushtuka, kilichokufa ni redio ya kaseti ya Mjomba, ambayo nadhani ilipigwa na umeme wa oltaneta uliokosa pa kwenda. Wa pili akachukua ndizi ya matoke jikoni, mbichi, akaishindilia kwenye ekzosi. Benzi ikakohoa, watu wakasema alhamdulilahi, kisha ndizi ikatoka kwa kishindo na kumpata shemeji wa upande wa pili kwenye kanzu iliyopigwa pasi asubuhi hiyo. Doa la masizi lilikuwa refu kama mkono.

Shangazi akasema hilo ni jini. Sheikh, ambaye alikuwa amekata tamaa ya kuhutubia, akajibu kutoka barazani, "Hajati, jini halinywi dizeli."

Ndipo akaja mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori ya jeshi. Watu wakampisha, "Afande, Afande." Hakuuliza kitu. Akafungua boneti, akainama, akabonyeza kiwiko chekundu kilichoandikwa STOP. Injini ikazimika. Kimya kilivyoshuka ghafla, tulimsikia bibi harusi ndani akisema, "Basi niondoke na gari lipi?"

Afande akatueleza huku anafuta vidole. Gari la petroli ukilikatia umeme, cheche imekufa, limezimika. Dizeli haina cheche. Ikishawaka, betri hata uiuze. Benzi hii huzimwa na mvuto wa hewa unaopita kwenye mipira ile ya kahawia, kwenda kuikata pampu isipeleke dizeli. "Swichi mliyowekewa ni ya petroli," akasema. "Kuwasha inawasha."

Tulimbeba bibi harusi na Benzi ileile, Afande akiwa kiti cha mbele kwa kazi ya kuzima tu, na alikula pilau kwenye meza ya wazee.

Jioni fundi akapiga simu kudai pesa ya kazi. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Nusu nitakutumia sasa hivi," akamwambia. "Ni ile ya kuwasha."