Nahodha alikuwa na chumvi ya kutosha

Wale mliokwisha kuupata ule ujumbe wa sauti wa Fundi, yule wa kibanda cha simu, dakika 4 na sekunde 12, anasimulia chakula cha Jumamosi kwangu na kucheka mpaka anakohoa, simameni hapo hapo. Msiutume tena. Sikulia. Sikupiga magoti. Wala sikusoma Zaburi chini ya muembe. Mengine yote aliyosema, naona haya kukiri, ni kweli.

Mnaonifuata mnajua tulikotoka. Tangu mvua ya kwanza ilaze vumbi la Katuba, hapa Lubumbashi, mwezi wa kumi na moja, nimewasumbua kila usiku kwa nondo na vipepeo. Shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, taa nyuma yake, mimi kwenye kiti cha plastiki na daftari langu. Jirani mmoja alimwuliza mama watoto kwa upole kama nimefukuzwa kazi. Nimewaonyesha nondo wenye mwili mnene kama kidole gumba, ulimi umekunjwa kama springi ya saa. Nimewaonyesha kipepeo wa mlimau, yule mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, ambaye kiwavi wake ukimgusa anachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa na kukutupia harufu. Nimewaonyesha kipepeo Danaus chrysippus anayeruka taratibu kama mtu asiye na deni, kwa kuwa ndege wanajua ana sumu. Halafu nikagundua kwamba mmoja kati ya hao hakuwa Danaus kabisa. Alikuwa Hypolimnas misippus jike, hana sumu hata tone, amevaa tu sare ya mwenziwe. Nilikuwa nimeshawatangazia siku tatu mfululizo. Mkanisamehe. Kumbe mlikuwa mnaniwekea akiba.

Kisha akaja yule mkubwa. Mpana kama kiganja kilichofunguka, rangi ya majani makavu, na kwenye mbawa za nyuma macho mawili ya duara yanayokukodolea. Gonimbrasia. Mnakumbuka nilivyoandika kwa majivuno: nondo huyu hana mdomo wa kulia, siku zake chache zote anaziishi kwa akiba aliyoila utotoni, "tazameni kiumbe kisichojua njaa." Hayo maneno yashikeni, tutayarudia.

Jike lilitaga kwenye muembe wa lupango, yaani uani kwetu. Mayai yakaanguliwa, na hapo ikaanza hesabu ya hasara: ndege wakachukua wao, watoto wa nyumba ya tatu wakachukua wao, mvua ya mawe ikachukua wake. Nikaokoa viwavi 11. Mtu akibaki na 11 afanye nini? Nikawapanga kikosi. Kipa, mabeki wanne, viungo, washambuliaji. Nikawaweka kwenye beseni la bluu, majani mabichi ya muembe asubuhi na jioni, chandarua juu, kimefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Yule mnene kuliko wote nikamfanya nahodha, na nikamwekea tone la rangi ya kucha ya mama watoto, nyekundu, utosini. Mara ya kwanza alinikomesha: alijivua ngozi akaacha kitambaa cha unahodha pamoja na jezi. Kiwavi huyu hujivua mara nne, kwa hiyo nikangoja ya nne ndipo nikampaka upya. Tone moja tu. Lilikauka likang'aa. Nikawapigia picha, mkaweka mioyo.

Kosa langu la kweli ni la Alhamisi. Siku hiyo kikosi kilikataa kula. Wakaanza kuzunguka beseni ukutani, mmoja nyuma ya mwenziwe, bila kutulia. Ndiyo dalili yenyewe: wameshiba, sasa wanatafuta udongo wa kuingia wageuke. Nikatoa majani yote, nikapangusa beseni likawa safi, nikajiambia udongo laini nitauchota Jumamosi nikitoka kazini. Jumamosi! Koleo lilikuwa limeegemea ukuta, hatua tano. Ningeinuka tu kwenye kiti jioni ile, leo wangekuwa wamelala chini ya ardhi na mimi ningekuwa na heshima.

Sasa, ninyi wa Lubumbashi mmeshaelewa, naona mmeshika midomo. Kwa wale wa mbali ngoja niwaeleze. Viwavi hawa tunawaita vinkubala, na vinkubala ni chakula chetu. Na mtu akitaka kuvipika vibichi, kwanza anaviweka kwenye beseni bila majani, siku moja au mbili, vitoe uchafu tumboni. Yaani beseni safi, vinkubala vinene, hakuna jani hata moja: nyumba yoyote ya Katanga ukilikuta hilo, hulioni kama utafiti. Unaliona kama mboga inayokusubiri. Mimi nimezaliwa hapa. Nimekula vinkubala kabla ya kuota meno. Na sikuliwaza.

Jumamosi mama mkwe akafika kutoka Likasi bila kutuambia, maana alitaka kutushtua. Alifaulu. Mimi nilikuwa kazini, mama watoto kwenye mazoezi ya kwaya. Nyumbani alikuwa Gloire peke yake na dada wa jirani. Gloire ana miaka 6 na hasemi uongo, jambo linalonitia hasara mara kwa mara. Nkambo, yaani bibi yake, alimwuliza, hivi ni vya nani? Mtoto akajibu, ni vya baba, anavitunza sana. Nkambo machozi yakamlengalenga. Miaka yote hii alidhani mukwe wake ni mtu wa makaratasi, kumbe ametega vinkubala mwenyewe, amevisafisha, amevifunika, anamngojea mama wa mke wake.

Narudi saa kumi na mbili na nusu na Fundi. Nilimleta makusudi, kwa sababu kwenye kibanda chake cha simu alikuwa amesema hakuna kiwavi mwenye rangi ya kucha, ile picha nimeichezea. Nikamwambia twende ukaone nahodha kwa macho yako.

Umeme hakuna. Tunaingia lupango, harufu ya kitunguu na nyanya imejaa mpaka mlangoni, mbabula, jiko la mkaa, imewaka, na mama mkwe yuko uani ameinama. Nikasimama mbali, nikamsalimu kwa adabu kama inavyotakiwa. Kwetu mukwe hakai karibu na mama mkwe, wala hali mbele ya macho yake. Kwa hiyo sikusogea kuchungulia sufuria. Angalieni jinsi adabu inavyoweza kumwangamiza mtu.

Tukakaa sebuleni, mimi na Fundi, mshumaa mmoja kwenye kifuniko cha chupa. Mama watoto alikuwa ndiyo kwanza anafika, hajavua hata viatu vya kanisani, akapokea sahani mlangoni akatuletea. Bukari, yaani ugali, la moto, na kando yake kibakuli cha vinkubala. Vichache. Sauti ikatoka uani:

"Mukwe, mutanisamehe, bilikuwa bidogo."

Nikajibu kwa sauti ya juu, kwa kuwa ndiyo njia pekee tuliyo nayo ya kuzungumza wakati wa chakula: "Mama, si kidogo! Ni baraka!"

Nikadhani amevileta toka Likasi. Naapa.

Na vilikuwa vitamu, ndugu zangu. Nitasema ukweli hata ukinichoma. Vimekaangwa vikakauka nje, ndani laini, nyanya imeshika vizuri. Fundi alikula vitano, nami vitano. Nilikuwa nasifia kila tonge. "Mama, hapa mjini hatupati hivi!" "Mama, hivi vimelishwa vizuri!" Ndiyo, nilisema hivyo. Vimelishwa vizuri. Fundi amekiweka hicho kipande mwanzoni mwa ujumbe wake.

Kikabaki kimoja. Fundi akanisogezea, wewe ndiye mwenye nyumba. Nikamega tonge, nikalibonyeza kwa kidole gumba, nikakichukua cha mwisho, nikakiuma katikati. Nusu ya nyuma ikaingia. Nusu ya mbele ikabaki vidoleni.

Hapo umeme ukarudi.

Mnajua unavyorudi. Mtaa mzima "Yeeee!", redio ya jirani inaanza katikati ya neno, friji inatetemeka. Na mimi nimeshika nusu ya kinkubala mbele ya balbu, kinywa kimejaa, naona utosini kitu chekundu.

Nyanya, nikajiambia. Nikakipangusa kwa kidole. Hakikutoka. Nikakisugua kwa bukari. Bukari likatoka safi, chenyewe kikang'aa zaidi. Kilikuwa kimekunjamana kidogo pembeni kwa joto la mafuta, lakini duara bado duara. Mpaka hapo nilikuwa natafuna. Taya lilikuwa likienda lenyewe, halijapata habari. Nikahesabu kwa kumbukumbu: Fundi vitano, mimi vitano, na hiki. Kumi na moja.

Wakati huo huo mama watoto akaja na jagi kutunawisha. Akainama, akamimina maji. Nikaona kucha zake kwenye mpini wa jagi. Nikaangalia kucha. Nikaangalia kile kichwa. Nikaangalia kucha tena. Yeye naye akafuata macho yangu, akaona nilichoshika, na maji yakaanza kumwagika juu ya suruali ya Fundi bila mtu kusema neno.

Na kutoka uani, ile sauti ya upole, ya mama aliyesafiri kilomita 120 kwa basi:

"Mukwe! Munyu inaenea?"

Yaani, chumvi imetosha? Nilikuwa na nafasi ya kutema. Dirisha lilikuwa wazi. Mbele yangu kulikuwa na bakuli la kunawia. Lakini fikirini wenyewe: mama ameketi pale, amekaza sikio, anangoja kusikia kama binti yake ameolewa na mtu mwenye shukrani. Nikafunga macho. Nikameza beki, kiungo, mshambuliaji na nusu ya nahodha kwa mara moja, maana nilihisi wote wamerudi kooni kuja kushuhudia.

"Inaenea, Mama," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kwaya ya watoto. "Inaenea kabisa."

Fundi ndipo akakisogelea kile kichwa, akakiangalia kwa jicho moja kama anavyoangalia simu iliyoingia maji, akasema polepole, "Eh. Kumbe picha hukuichezea."

Akaanguka kwenye kochi. Mengine mmeyasikia.

Gloire naye akaja kunipa taarifa kamili, bila kuombwa. Kwamba nkambo aliwaminya mmoja mmoja, yeye akashika beseni. Kwamba kipa alitoa maji ya kijani mengi kuliko wote. Kwamba nahodha alikuwa wa mwisho. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia nkambo hawa si wa kula. Akanishangaa. "Baba, lakini wewe huwa unavila."

Kuhusu muembe: ndiyo, nilikwenda usiku na koleo. Lile lile koleo. Kichwa hakikuweza kubaki mezani, paka angekichukua, na kukitupa jalalani nilishindwa. Nikachimba shimo dogo, nikafukia, nikasimama kidogo. Mtu kusimama chini ya mti wake si ibada, Fundi. Nilikuwa napumzika.

Jumapili mama mkwe akapiga simu Likasi, Kolwezi na kwa mtu mmoja Kitwe, kuwaambia mukwe wake ni wa aina gani. Shemeji yangu mkubwa, ambaye tangu harusi huniita "huyo", amenitumia franka za simu. Mama watoto amesema nikithubutu kufungua mdomo nitalala na shuka langu la nondo. Kwa hiyo nimenyamaza huko, naandikia ninyi, na mama mkwe hatumii hii mitandao, na yeyote atakayemwonyesha nitamfuata mpaka kwake.

Na mnaoniuliza toka asubuhi "kikosi kitacheza lini", na wewe uliyeandika "tazameni mtu asiyejua njaa", nimewaona. Nimewaweka kwenye daftari.

Mama mkwe alikuwa aondoke jana. Ameahirisha mpaka mwaka mpya, anasema hapa anatunzwa. Leo alfajiri nimeamka kwenda kazini nikakuta beseni la bluu limerudi mahali pake. Ndani vinkubala vitatu, sijui alivitoa tawi gani, mimi nilipekua mti mzima sikuviona. Majani hakuna. Chandarua kimekazwa vizuri kuliko nilivyokuwa nakaza mimi. Nimelala chini uvunguni mwa kitanda robo saa nzima nikitafuta ile chupa ya rangi ya kucha. Mama watoto ameificha. Koleo limeegemea ukuta. Mama mkwe anaamka saa moja.