Wa Kijiwe Gani Wewe?

Watanzania wa huku Hamburg tukikutana kwenye nyama choma za kiangazi, mazungumzo hayachelewi kufika palepale: Wazungu hawana utu. Utasikia habari ya bibi aliyefia chumbani kwake, jirani wa ukuta mmoja akaja kujua baada ya wiki kadhaa. Hajamaliza huyo, mwingine anadakia kwamba huko nyumbani mnakokusifia, ukidondoka Kariakoo, wa kwanza kukuinamia anatafuta simu yako ilipo. Pande zote zinashangiliwa, nyama inageuzwa, tunarudi kwenye Simba na Yanga.

Nimeishi huku muda wa kutosha kuzichoka hoja zote mbili. Mimi naona mtu wa Dar hamwamini mpita njia kwa sababu ana moyo mweupe, wala hamkatai kwa sababu ana roho mbaya. Ana utaratibu wake wa kumpima mtu. Haujaandikwa popote, lakini upo, na una ukali kuliko fomu nyingi nilizojazishwa hapa Ujerumani.

Nianze na huku. Kumsaidia mtu aliye hatarini Ujerumani ni jambo la kisheria. Kifungu cha 323c cha sheria yao ya makosa ya jinai kinasema kwamba anayeacha kutoa msaada kwenye ajali au hatari, ilhali angeweza kuutoa bila kujihatarisha mwenyewe, anaweza kufungwa hadi mwaka 1 au kutozwa faini. Leseni ya gari hupewi bila kozi ya huduma ya kwanza, vipindi 9 vya dakika 45 kila kimoja, unabonyeza kifua cha mdoli wa plastiki mpaka mikono inakufa ganzi. Na ukiumia wewe wakati unamwokoa mwenzako, bima ya ajali ya umma inakugharamia.

Nimeiona ikifanya kazi. Mzee mmoja alianguka kwenye ngazi za stesheni ya Wilhelmsburg, mtaa ninaoishi. Watu wengi walimpita, hilo ni kweli, nisiwapambe. Dada mmoja akapiga magoti, akamlaza ubavu jinsi tulivyofundishwa, akapiga 112, akamfunika koti. Gari la wagonjwa lilipofika aliwaeleza alichokiona, akachukua koti lake na kuwahi treni. Hakumuuliza mzee jina. Hakuwa na haja nalo, maana nyuma yake kuna gari, hospitali na kadi ya bima iliyo mfukoni mwa mzee yule.

Lakini sipendi kusikia kwamba Wajerumani walizaliwa na magari ya wagonjwa. Wilhelmsburg ni kisiwa katikati ya mto Elbe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 1962 dhoruba ilisukuma maji ya bahari juu ya mto, tuta zikapasuka, watu 315 wakafa mjini Hamburg, wengi wao hapa hapa kisiwani, wamelala. Helmut Schmidt, aliyekuwa akisimamia polisi wa mji na baadaye akawa Kansela wa nchi, aliita wanajeshi na helikopta bila kungoja mtu amthibitishie kwamba katiba inamruhusu. Usiku ule watu walikaa juu ya mapaa wakisubiri yeyote mwenye mtumbwi. Tuta ziliinuliwa baada ya hapo. Huyu mpita njia mtulivu wa stesheni, anayejua kwamba wengine watafika, ametokana na maafa na miaka mingi ya kulipa kodi.

Sasa twende Dar, kwenye mto wetu. Anayeijua Dar anaujua Msimbazi. Mvua ya Desemba 2011 iliwatoa watu mabondeni mpaka wengine wakapelekwa Mabwepande, na tangu hapo karibu kila masika tunasikia kwamba Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani. Upo mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na daraja jipya la Jangwani limo ndani yake. Heri. Habari yangu ni ya kabla ya daraja hilo.

Masika moja, saa saba usiku kwa saa za Dar, simu yangu iliita. Namba siijui. Hapo kila Mtanzania keshajua kinachofuata. Sote tumepokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", na kuna waliopigiwa na "daktari" aliye na ndugu yao chumba cha upasuaji, anangoja tu atumiwe chochote. Nikapokea. Sauti ya kijana, nyuma yake mvua inapiga turubai:

"Braza, mimi dereva wa bajaji. Niko na rafiki yako hapa Magomeni Kagera, hali yake mbaya. Kaniambia nikupigie wewe."

Rafiki yangu ana seli mundu. Tumesoma pamoja, na tangu shule najua kwamba baridi ikimpiga, au mwili ukikosa maji, chembe zake nyekundu za damu zinajipinda na kuziba mishipa midogo, na maumivu ya mifupa yanafika mahali hawezi kusimama. Anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga. Usiku ule alitoka kutafuta usafiri akaishia kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, na kijana wa bajaji alikuwa amejibanza hapo akikwepa mvua. Hiyo ndiyo hadithi niliyopewa. Ilifanana kabisa na hadithi ya tapeli.

Nikampigia mama mwenye nyumba. Haipatikani. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, simu za nusu ya mtaa zilikuwa zimezima. Jangwani imefungwa. Kwenda Muhimbili, ambako ndiko lilipo faili la mgonjwa, kijana angelazimika kuzungukia Kinondoni, na Mkwajuni nako maji yalikuwa yanapita, kisha ashike Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, avuke daraja la Selander ndipo aingie Upanga. Bajaji ikizima kwenye maji saa zile, dereva na abiria wote wawili ni mali ya mto au mali ya vibaka. Alitaka hela ya mafuta na ya kuanzia hospitali, na alitaka sasa hivi.

Nikajikuta naongea kama mama mwenye nyumba.

"Wa kijiwe gani wewe?"

Akakitaja.

"Mwenyekiti wenu nani?"

Akamtaja kwa jina lake na kwa jina la mtaani. Nikamuuliza namba ya bajaji, akaisoma. Nikamuuliza anaishi wapi, kwa nani. Hapo akachoka: "Braza, unanihoji mimi au unataka mgonjwa afike?" Kisha, bila kuombwa, akamwekea rafiki yangu simu mdomoni. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini iliniita kwa jina la utani ambalo halijawahi kutoka nje ya bweni letu. Nikatuma.

Wapo watakaosema niliamini sauti ya mtu, basi, maswali yalikuwa mbwembwe. Sikubali. Tapeli naye angeweza kunitajia kijiwe, ila asingekaa nimuulize la tano. Na anayekitaja kijiwe chake kwa kweli anawaweka rehani wenzake wote. Pale kuna daftari, kuna mchango wa msiba, kuna mwenyekiti ambaye kesho asubuhi atapigiwa na watu wenye hasira. Akifanya ubaya hatapata pa kuegesha. Mjumbe wa mtaa anafanya kazi hiyohiyo, mwenye duka la mangi pia, na mama ntilie anayejua nani anakula kwa mkopo kwake. Mtu asiyejulikana anageuka mtu wa watu fulani ndani ya dakika mbili, mvua ikinyesha. Ofisi nyingi za hapa zingenitaka nipange miadi kwanza.

Kijana alinipigia walipovuka Selander, akanipigia getini. Mapokezi walitaka ndugu wa mgonjwa, akajiandikisha yeye. Kwa hiyo kwenye karatasi za usiku ule ndugu wa karibu wa rafiki yangu ni dereva wa bajaji aliyemjua kwa muda wa saa moja. Alikaa pale benchi hadi alfajiri, shangazi wa mgonjwa alipofika kutoka Mbagala, kwa maana anayelazwa kwetu anahitaji mtu wa kutumwa dirisha la dawa, maabara, na kununua maji.

Na alinitoza. Bei ya mvua, juu yake bei ya usiku, juu yake muda wa kungoja. Nalisema kwa makusudi, kwa sababu hadithi za namna hii zikirushwa mitandaoni msamaria daima anakataa hela, halafu sisi wa ughaibuni tunafuta machozi na kuandika "utu wetu". Huyu hakukataa. Bajaji ile ni ya mkataba, jioni bosi anataka hesabu yake, mvua iwe imenyesha isiwe imenyesha. Kumsifia kwa wema huku tunamtakia alale na deni ni dharau.

Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kwenye zile nyama choma. Anayesema "Afrika tuna utu" mara nyingi anautumia utu wa yule kijana kuzibia pengo la gari la wagonjwa lisilokuja. Kijana hakufundishwa kitu. Alimvua rafiki yangu shati lililolowa akamfunika koti lake la mvua kwa sababu alimwona anatetemeka. Kumbe joto ndilo alilolihitaji. Lakini angekuwa amepasuka fuvu kwenye ajali ya pikipiki, angembeba vilevile, kichwa kinaning'inia, kwa nia njema ileile. Bodaboda na bajaji ndizo zinazobeba wagonjwa wa Dar usiku. Sioni kwa nini dereva apewe leseni bila hata siku moja ya kujifunza kuzuia damu na kumlaza mtu aliyezimia. Hili Wajerumani wametuzidi, na halihitaji utajiri wa Wajerumani.

Wala si ndoto. Mfumo wa m-mama ulioanzia Sengerema na Shinyanga umefanya kitu hichohicho kwa wajawazito na watoto wachanga: mtu anapiga 115 bila malipo, na pale ambapo hakuna gari la wagonjwa anatumwa dereva wa kawaida wa eneo lile, aliyesajiliwa, ambaye analipwa kwa safari yake. Mtu akakaa akauangalia utaratibu wa mtaani kwa heshima, akaongezea namba ya simu na malipo. Ningependa kuuona kwa mwenye seli mundu, kwa mwenye pumu, kwa aliyegongwa Ubungo saa tano usiku.

Kuna pia woga wa anayesaidia, na huo tunausahau tukiwa mbali. Ukimwinua majeruhi barabarani Dar, umati unaweza kudhani wewe ndiye uliyemgonga, na umati ule hauna kipindi cha maswali na majibu. Ukifika hospitali unaanza kuulizwa PF3, fomu ya polisi, na wewe unageuka shahidi ambaye kesho hatafanya kazi. Namwelewa anayeongeza mwendo. Mpe mtu huyo kinga ambayo dada wa stesheni anayo, kisha tuone kama ataongeza mwendo.

Na utaratibu wetu una tobo moja kubwa ambalo nikilifikiria nakosa usingizi. Unamfaa mwenye mtu. Rafiki yangu alikuwa na namba ya kupiga, alikuwa na jina la utani, alikuwa na shangazi Mbagala. Mgeni aliyeshuka kituo cha mabasi cha Magufuli leo akitokea Kigoma, hajui hata ametokea geti gani, akidondoka Mbezi usiku atamtaja nani? Kwa huyo ningetamani awe ameangukia kwenye ngazi za Wilhelmsburg, mikononi mwa dada asiyejali jina lake. Mimi mwenyewe, ukinilazimisha kuchagua, nitachagua kudondoka Magomeni na kuzindukia Hamburg, ila ndege haiko hivyo.

Namba ya kijana yule ninayo. Hapa ndipo Wajerumani wanaponishangaa, maana kwao msaada uliisha siku ileile. Ananipigia Idi, ananiuliza baridi ya huku, na mara mojamoja ananipiga mzinga. Wenzangu wa nyama choma wananicheka kwamba nimejipatia mpwa wa bure. Mara ya mwisho alitaka tairi la nyuma. Tulibishana bei vizuri tu, nikatuma nusu, nusu nyingine akasema ataitafuta mwenyewe. Rafiki yangu siku hizi anapanda bajaji ileile kwenda kliniki, na malalamiko yake ni kwamba hapunguziwi nauli hata shilingi mia.