Weka Bata Mezani

Umeme umerudi saa nane za usiku, ukaondoka saa nane na dakika kumi. Simu yangu imepata asilimia nne. Na ndani ya hizo dakika kumi zimeingia jumbe tatu za mpwa wangu, zote za jioni. Ya kwanza: "Mjomba, bata anapanda, uza!" Ya pili: "Mjomba, uko wapi?" Ya tatu: "Basi." Neno moja tu, kama mtu anayefunika maiti shuka.

Kwa hiyo mimi, fundi cherehani wa Katuba, hapa Lubumbashi, mtu wa koti na tai kila Jumapili, nimeamka nikiwa na bata milioni nne ndani ya simu na sina franga ya unga wa bukari.

Msinicheke. Wangapi hapa mlimgonga yule panya wa simu, Hamster Kombat, mwaka 2024 mkitafuta sarafu za bure mpaka kidole gumba kikaota sugu? Mimi angalau nilinunua. Bata mwenye miwani, sarafu ya intaneti. Mpwa wangu alinieleza vizuri, maana yeye huelezea vizuri kila kitu isipokuwa kazi anayofanya. Alisema yote yalianza na mbwa. Dogecoin, Desemba 2013, wazungu wawili, Billy Markus na Jackson Palmer, wakaitengeneza kwa mzaha. Wenyewe walisema ni mzaha! Mei 2021 mzaha ukapita senti 70 za dola. "Mjomba, aliyemnunua mbwa kabla hajafika hata senti moja, leo anakula nini?" Mimi nikasikia harufu ya michopo. Bata wangu akifika senti moja tu, moja, ni dola 40,000. Hesabu hiyo niliiandika juu ya vipimo vya mteja, ndiyo maana suruali yake ilitoka fupi.

Aliyeharibu ni binti yangu wa darasa la sita. "Papa, bata wote duniani ni wangapi?" Trilioni moja, nikajibu kwa fahari. Akashika kalamu. "Basi kila mmoja akiwa senti moja, wote ni dola bilioni 10. Nani ataleta hizo bilioni 10?"

Nilimtuma maji. Bidoni mbili.

Lakini bata si tatizo. Tatizo ni kwamba zile dola 50 za kumnunua zilikuwa za likelemba ya mke wangu, ule mchezo wa akina mama wa kuchanga na kupeana kwa zamu.

Jumapili baada ya misa akaingia Mama Prezidanti wa likelemba, daftari kwapani, mashahidi wawili nyuma. Nikamkalisha kwenye kiti kizuri, nikaagiza munkoyo. Hakuugusa.

"Baba Ilunga, zamu ya Mama Chola imefika. Hatukuja kukaa."

"Mama, pesa ipo. Imebadilisha umbo tu."

Nikamfungulia simu. Akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa. Wakatazamana, yeye na bata, wote na miwani, na kati yao hakuna aliyependa alichokiona.

"Anataga?"

"Hapana, mama. Huyu anapanda."

"Anapanda wapi?"

"Juu."

"Na leo yuko wapi?"

Nikawaangalia mashahidi. Mashahidi wakaangalia dari. "Chini, mama."

"Hakuna shida. Weka bata mezani, tumuuze tugawane hasara."

Hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho. Nikamweleza kwamba bata hauzwi hivi hivi. Ili umuuze, lazima kwanza ununue sarafu nyingine inaitwa ethereum, ya kulipa njia, kama vile peaji ya kwenda Likasi.

"Peaji ni ngapi?"

"Leo, dola sita."

"Na bata wote, wote milioni nne?"

"Dola tano na kitu."

Akaandika kwenye daftari, polepole, akisoma kwa sauti: "Bata. Kasoro." Shahidi mmoja akauliza kama ina maana nikiuza ninabaki na deni. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Nikajikusanya, nikatoa ile sauti yangu ya mikutano ya wazazi: mama, hawa si watu wa barabarani. Trump mwenyewe alitoa sarafu ya jina lake siku tatu kabla ya kuapishwa, Januari 2025. Hata hapa jirani, Bangui, Rais Touadéra alitangaza ya nchi yake Februari mwaka ule ule.

"Zilipanda?"

"Sana, mama!"

"Halafu?"

Nikakohoa. Vumbi la Katuba hili.

"Baba Ilunga," akasema, sasa kwa upole, na upole wake ndio mbaya, "mwaka 1991 watu wa Kinshasa waliuza mali yao wakapeleka pesa kwa Bindo, kampuni iliyoahidi kuzizidisha, zikapotea. Lakini Bindo ilikuwa na mlango. Mtu akiibiwa alijua jiwe alitupe wapi. Huyu bata wako, sisi tumtupie jiwe wapi?"

Akasimama, akaenda kwenye cherehani yangu, akachomoa mkanda wa gurudumu, akaukunja vizuri, akauweka kwenye mkoba pamoja na Biblia. "Akitaga, utakuja kuuchukua."

Sasa niambieni. Bila mkanda sishoni, bila kushona sipati peaji, bila peaji bata hatoki. Nina noti moja ya dola kumi, ina mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Mama wa kabini ya pesa za simu aliiinua juani kama daktari anayesoma picha ya mapafu, akanirudishia kwa ncha za vidole. Mega za intaneti zimeisha. Na mpwa, yule yule wa "uza!", asubuhi amekuja kunifariji eti nina bahati: mwaka 2021 kulikuwa na sarafu iliyoiba jina la tamthilia ya Korea, ikapita dola 2,800, kumbe wenye nayo hawawezi kuuza, na ndani ya dakika chache ikawa sifuri. "Yako inauzika, mjomba. Ni bei tu ndiyo haina." Halafu akaomba nauli!

Na sasa hivi ninavyosema, bata wa jirani, bata kweli, mwenye manyoya, yumo kwenye mboga zangu za lengalenga tena. Kila asubuhi! Huyu hana miwani lakini ananona, na jirani akitaka kumuuza anamfunga miguu tu, anampeleka sokoni, mtaa wa Kenya hapa hapa mjini, hakuna peaji. Nimemrushia kandambili, nimemkosa, kandambili imeingia kwenye mtaro wa maji machafu, sasa nimesimama uani na mguu mmoja kama...

Mnasikia watoto wanavyopiga kelele? Mwanga umerudi! Wee Ilunga, chomeka simu! Achana na pasi, suruali ya mtu itangoja, chomeka simu kwanza!